Nje ya Ua wa Dada Lukresia

Machi 3, Jumatatu

Wamenichagua mwenyekiti. Nilikwenda mkutano wa kijiji kwa sababu nyumbani hakuna wa kuongea naye isipokuwa kuku, na kuku wenyewe wananisikiliza pale tu nikishika mahindi. Mtendaji akatangaza kwamba Mei tatu kutakuwa na Siku ya Afya na Burudani ya Wazee. Wazee watapimwa presha, sukari na macho, kisha watakula, watacheza na kupiga soga. Anatakiwa mwenyekiti wa kamati. Watu wakaangalia viatu vyao. Ndipo akainuka Felista, yule mama wa kwaya mwenye sauti ya kufukuzia nyani shambani, akasema, "Mpeni mzee wa watalii. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuburudisha watu wasiomhusu." Watu wakacheka, mikono ikapanda, na mimi nikawa mwenyekiti.

Mzee wa watalii ndiye mimi Clemensi, niliyeshusha wageni kwa gari ndani ya kreta ya Ngorongoro na kuwapandisha mpaka mgongo ukakataa. Enzi hizo kila jioni niliandika tulichokiona: faru, simba, mzungu aliyelia alipomwona tembo. Gari nililirudisha kwa wenyewe, tabia ya kuandika ikabaki. Siku hizi naandika mvua na maneno ya watu. Mvua bado.

Machi 9, Jumapili

Nimekwenda kwa dada Lukresia kama kila Jumapili. Mimi nikakaa kwenye jiwe nje ya ua wa minyaa, yeye kwenye kigoda chake ndani, tukaongea kupitia pale minyaa ilipoachana. Sukari na sabuni niliviweka chini nikarudi nyuma, ndipo akaja kuvichukua.

Atakayesoma haya nikishakufa, labda kijana wangu wa Mwanza kama atakumbuka kuja, asidhani tuligombana. Masika ya mwaka juzi mjukuu wa dada, Beatrice, hajaolewa, alishikwa na uchungu jikoni kwa bibi yake. Mto ulikuwa umejaa, gari hakuna. Mtoto alitoka hajalia. Sasa sisi Wairaqw tulikuwa na sheria zamani kwamba nyumba iliyopatwa na jambo kama hilo inafungwa. Wa nyumba hiyo hachanganyiki na watu, hateki maji kisima kimoja na wenzake, hali nao chungu kimoja, na zaidi ya yote hamsogelei mja mzito, mabaya yasije yakamhamia. Huo ndio metimani. Unakwisha siku wazee wakija kuiombea nyumba na kuifungua.

Zamani, nasema. Siku hizi watu wana rozari na simu janja. Beatrice alikwenda zake Arusha kusuka nywele na hakuna aliyemfunga. Dada alijifunga mwenyewe. Maji anakinga ya bati. Kanisani haendi, msibani haendi. Padri alimfuata akamwambia Kristo ameshafungua kila kitu. Akamjibu kwa adabu, "Asante baba, lakini baba si mtu wa huku."

Leo nimemwambia tena kwamba ni upuuzi mtupu. Akacheka. "Upuuzi huo ndio unaokuleta kila Jumapili na sukari, Kleme."

Tangu Martha, mke wangu, afariki, hayo ndiyo mazungumzo pekee ninayoyapata kwa wiki yanayovuka salamu.

Machi 13

Hakuna mvua. Hakuna simu.

Machi 17, Jumatatu

Mvua imeanza, na ugomvi wa kamati umeanza nayo. Mimi nilipendekeza mambo mawili ya maana. Kwanza, lanchi boksi kwa kila mzee, kama zile za wageni: paja la kuku, yai, tofaa, juisi ya pakiti. Pili, wazee wapelekwe kreta. Watu wamezeeka hapa, ukungu wa msitu wa Ngorongoro unawaingia mpaka jikoni, na hawajawahi kushuka kule hata siku moja. Niliona mwenyewe ni wazo zuri mno. Nililala nalo nikiwa na furaha.

Felista akauliza, "Paja la kuku na tofaa, watavitafunia wapi? Mzee Emmanueli ana jino moja, na hilo lenyewe linatembea." Kreta je? "Tukaone nyati? Nyati si hao wanaokula mahindi yangu bure kila mwaka?" Kamati nzima ikaangua kicheko. Wakapitisha makande laini, maziwa mgando, bao, na ngoma. Mama yule akiambiwa jua limechomoza atasema lilichelewa. Simpendi.

Machi 23, Jumapili

Dada hayuko sawa. Alipoinuka kuchukua sukari nikaona miguu imevimba, kanda za viatu zimezama kwenye nyama. Akatembea hatua chache, akasimama kuhema kama mtu aliyepanda mlima Oldeani. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu juzi juzi," akasema, na najua juzi juzi yake ina miezi.

Nikamwambia daktari anakuja Mei tatu, njoo upimwe. Akatikisa kichwa. "Pale kutakuwa na watoto wa kunyonya na wenye mimba. Nikilivunja hili kabla halijafunguliwa, litamwangukia nani? Litamwangukia Beatrice, au mtoto wa watu." Nikapandisha sauti, nikamwita mjinga, mshamba, mtu wa karne iliyopita. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimerudi na mvua. Sina mtu mwingine aliyezaliwa tumbo moja na mimi.

Machi 27

Mvua kutwa. Nimeongea na redio.

Aprili 2, Jumatano

Zahanati wametuletea muuguzi wa kufanya kazi na kamati, binti wa Kimaasai kutoka Malambo, anaitwa Nashipai. Tumbo limeshatangulia mbele yake, la miezi sita au saba. "Shikamoo babu," akasema, na akaninyang'anya kiti kizuri kabla sijaitikia marahaba. Nimempenda papo hapo. Felista naye kampenda, jambo lililonitia mashaka kidogo.

Nilimweleza habari za dada. Nilitarajia acheke, hakucheka. "Kwetu pia yapo ya namna hii, babu. Nitakwenda kumwona."

Aprili 5

Njia ya Karatu imekatika, lori la viazi limelala ubavu. Nyati wameingia kwa Felista. Sikufurahi sana.

Aprili 11, Ijumaa

Nashipai alikwenda. Dada alipoliona lile tumbo alipiga kelele akiwa bado mlangoni: "Rudi, mwanangu! Rudi huko huko barabarani!" Binti akasimama njiani na mashine yake ya presha mkononi, akamwambia yeye haogopi. Dada akamwambia, "Mimi ndiye ninayeogopa. Nilishashika mmoja mikononi, sitaki wa pili." Akafunga mlango.

"Kwa kuhema kule, babu, ni moyo au presha, au vyote viwili," Nashipai ameniambia. "Asisubiri masika yaishe. Ninyi wa nyumbani mkiingia mnamwambiaje?"

Nikasema bibi yule ni mbishi.

"Lakini ukiingia unakaa naye ndani?"

Nikasema mlango wake ni mfupi na mgongo wangu hauruhusu kuinama. Akaniangalia kidogo, kisha akaendelea kupanga vipimo vyake.

Aprili 20, Pasaka

Kanisani kulijaa. Kijana wa Mwanza alipiga simu, mtandao ukakata alipofika kwenye "baba, tutajitahidi mwezi wa". Nimepika wali nikala nusu. Nusu nyingine nimempelekea dada, nikaiweka pale chini, nikarudi nyuma. Hakutoka kwa muda. Alipotoka alishikilia ukuta. Akasema siku hizi analala amekaa, akilala chali anazama.

Tulikaa kwenye manyunyu, kila mtu amejifunika mfuko wa nailoni kichwani upande wake wa ua. Niliogopa. Sijaogopa hivyo hata siku tembo dume alipoliegemea gari.

Aprili 27, Jumapili

Nimefanya jambo. Naliandika haraka kabla sijalitafutia maneno mazuri.

Nimemwambia dada kwamba wazee wamekaa. Nikasema walikutana Alhamisi, wakaizungumza nyumba yake, wakasema imetosha, wakaiombea na kuifungua.

Hakuamini mara moja. "Bila kuja hapa kwangu?" Nikasema njia ni matope, wazee miguu mibovu, wameombea pale pale. "Nani alisema sala?" Nikasema Emmanueli. Jina lilinitoka tu, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki anayeijua. "Nao wengine wakaitikia?" Nikasema waliitikia wote.

Dada akakaa chini kwenye matope. Akalia, na katikati ya kulia akacheka, akajifuta uso kwa kanga, akalia tena. "Wamenikumbuka," alisema. "Kumbe wamenikumbuka." Akaniuliza kama Felista alikuwepo, nikasema alikuwepo, akafurahi zaidi. Kisha akauliza kama pale Mei tatu watacheza ngoma.

Najiambia nimemdanganya mgonjwa ili anywe dawa. Mama zetu wote walifanya hivyo. Kwanza hakuna anayeyaamini mambo hayo tena. Nani atakumbuka?

Mei 1

Dada amefua kitenge chake cha harusi ya mwanawe. Nimekiona kimeanikwa juu ya minyaa, kinang'aa. Kamati imemaliza kila kitu, hata vigoda. Mvua imepungua. Mbona sina raha?

Mei 3, Jumamosi

Asubuhi ilikuwa nzuri, hilo niliandike kwanza. Ukungu uliondoka mapema, turubai lilisimama bila kuanguka, na wazee walikuja, jamani, walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Wengine wameletwa kwa bodaboda wamefungwa kamba kiunoni wasidondoke. Mmoja alipopandishwa kwenye mizani akauliza, "Mnanipima mnipeleke mnadani?" Watu wakacheka mpaka meno yao machache yakaonekana yote. Upande mmoja wanacheza bao na kuibiana kete, upande mwingine akina mama wanasokota kamba wakisengenyana kwa upendo. Hata makande ya Felista yalikuwa matamu. Nilitembea katikati yao nimeweka mikono nyuma, nikiwa mwenyekiti hasa.

Nikamtuma mwenye gari akamlete dada. Alishuka amevaa kile kitenge, ameshika fimbo, anatabasamu kama bibi harusi. Nilikwenda kumpokea mbele ya watu wote. Nikamshika mkono. Ndipo nikagundua sikuwa nimemgusa dada yangu tangu masika ya mwaka juzi. Mkono ulikuwa wa moto na mwepesi.

Kelele za bao zilikatika kwanza, halafu za akina mama. Nilimkalisha mwisho wa benchi la kusubiri presha. Waliokuwa wamekaa hapo hawakusema neno baya. Mmoja alikumbuka anataka kujisaidia. Mwingine alikumbuka mjukuu wake. Mwingine alisogea tu, akasogea tena, mpaka benchi likaisha. Hao ni watu ninaokutana nao kanisani kila Jumapili. Mmoja ni mwalimu wa katekisimu. Dada aliangalia ile nafasi iliyobaki, bado anatabasamu. Nadhani alijiambia kwamba wamempisha kwa heshima.

Nashipai akaja na mashine. Akaushika mkono wa dada, akaufunga mpira wa presha, mashine ikaanza kuvuma. Hapo Felista akapiga ukelele kutoka kwenye masufuria: "Nashipai! Toka hapo mwanangu, una mimba!"

"Mama Felista, imefunguliwa," dada akasema kwa sauti ya upole. "Si na wewe ulikuwepo?" Akageuka, akamtafuta Emmanueli kwa macho, akamwona kwenye bao. Akainuka kwa fimbo yake akaenda mpaka mbele ya yule mzee, akapiga goti kwa taabu. "Asante, baba. Asante kwa sala. Kleme ameniambia."

Emmanueli ni mtu wa haki, hajui kusema uongo hata kwa kumwokoa mbuzi. Akamwangalia kwa huruma. Akasema, "Sala ipi, binti yangu?"

Sijui nieleze vipi. Dada hakunigeukia. Alibaki pale na goti moja chini, akaonekana anafikiri. Kisha aliangalia mkono wake, ule alioshikwa na Nashipai, akautoa mbali na mwili wake. Akajikunja kupita katikati ya vigoda asimguse mtu, kitenge amekikusanya kisiguse hata turubai. Nikamfuata namwita. Mwenye gari naye akamwita. Alikwenda kwa miguu, katika matope, anahema kiasi kwamba nilimsikia kutoka nyuma, na kila nilipomkaribia aliinyoosha fimbo nyuma kunizuia.

Alipofika kwake akapita kwenye upenyo wa minyaa. Mimi nikasimama. Sikuingia. Hakukuwa na mtu wa kunizuia na miguu haikuingia.

Niliporudi walikuwa wanafungasha. Ngoma haikupigwa. Nashipai alisema alipata kusoma kabla dada hajainuka: presha mia mbili na ushee. Felista alinipita na sufuria lake kichwani. Nilisubiri anitukane. Afadhali angenitukana.

Mei 4, Jumapili

Nimekaa kwenye jiwe tangu ibada ilipoisha mpaka giza lilipokaribia. Hakutoka. Moshi wa jikoni ulionekana, kwa hiyo yu hai. Sukari nimeiacha, mvua imeiyeyusha.

Mei 5

Hakutoka.

Mei 6

Hakutoka. Nimemsikia akikohoa.

Mei 7, Jumatano

Felista alikuja kwangu. Hajawahi kukanyaga hapa tangu msiba wa Martha. Akakataa kiti, akakataa chai, akasimama katikati ya nyumba akiangalia sahani yangu moja na kikombe changu kimoja.

"Mzee Clemensi," akasema, "kwa nini ulidanganya jambo ambalo ungeweza kulipata kweli?"

Nikasema sielewi.

"Nani anayewaita wazee wakafungue nyumba? Si ndugu wa kiume? Mumewe amekufa, wanawe wako mbali, umebaki wewe. Sisi tungejipelekaje kwenye ua wa watu bila kuitwa, kama wezi wa kuku? Tumekusubiri mwaka juzi. Tumekusubiri mwaka jana. Kila nikikuona unapita na kifurushi cha sukari nasema, leo atatuomba. Wewe unapita unasema mvua, mvua."

"Nilidhani hamuamini tena," nikasema.

"Na wewe huamini?"

Nikakisogeza kikombe changu.

"Basi mbona huingii?" Akajifunga kanga yake vizuri. "Baada ya ukelele wangu wa juzi nililia nyumbani, ujue. Lukresia ndiye aliyenipokea nilipoolewa hapa. Lakini tumbo la yule binti, mzee Clemensi, ningefanyaje? Nenda kawaombe wazee. Na uende kwa miguu."

Nimemwita mama huyu majina mengi humu. Nimeyasoma yote leo. Nayaacha yalivyo ili yanichome.

Mei 8, Alhamisi

Nimekwenda nyumba kwa nyumba. Kila mahali nilikaa chini, si kwenye kiti, nikaomba. Kila mahali nikajibiwa maneno yale yale: tulikuwa tunakusubiri. Emmanueli alinifanya nirudie, kisha akaniambia nirudie tena.

"Ulilitumia jina langu," alisema.

"Nililitumia, baba. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Mimi sikuumia." Akaomba aletewe fimbo yake na kuuliza pombe itapikwa na nani. Felista alikuwa ameshaanza kuipika.

Mei 10, Jumamosi

Mvua ilinyesha lakini walikuja. Mzee aliyeulizia mnada alibebwa mgongoni na mwanawe. Nashipai alisimama mbali barabarani chini ya mwavuli, kama alivyoelekezwa, na hakulalamika.

Niliitwa nimwite dada, kwa kuwa ndiyo kazi ya ndugu. Nikasimama kwenye upenyo nikaita: "Dada, wazee wamekuja." Nikaita tena. Mlango ukafunguka kidogo. "Ni uongo," sauti ikasema kutoka ndani. Sina neno la kueleza jinsi lilivyoniingia.

Ndipo Emmanueli akaanza, pale pale nje ya ua, kwa Kiiraqw cha zamani ambacho mimi nakielewa nusu. Aliita mlima, akaita mto, akaomba neno lililoifunga nyumba hii lichukuliwe na maji, lisikae kwa jirani, lisimfuate binti aliye mbali. Na kila alipotua wengine wakaitikia, sauti za kikohozi na za kanisani zikawa sauti moja. Mlango ukaendelea kufunguka. Dada akatoka, amekonda usoni na kuvimba miguuni, akasimama kusikiliza mpaka neno la mwisho.

Wazee wakaingia. Felista alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kibuyu cha dada, akakimiminia pombe, akanywa kwanza yeye kisha akampa. Wakashikana. Walilia kama wasichana. Nashipai akaitwa aje, akaja, na dada mwenyewe akaweka kiganja juu ya lile tumbo, akakiacha hapo mpaka mtoto akapiga teke, dada akaruka kwa kushtuka, watu wakacheka.

Mimi nilikuwa nimeinama kupita upenyoni. Mgongo uliruhusu vizuri tu.

"Wewe baki hapo," dada akasema.

Hakusema kwa hasira. Watu walisikia na hakuna aliyenitetea, hata Felista. Nikarudi nyuma. Nilisikiliza sherehe nikiwa nje ya ua, nimelowa. Mchana wakamwingiza kwenye gari la kwenda hospitali Karatu, Nashipai amekaa upande mmoja na Felista upande mwingine. Gari lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Hakuniita.

Mei 14

Nashipai kasema maji yanapungua miguuni, presha inashuka. Ameniambia na mengine: dada anaongea wodini kutwa, hanyamazi, wagonjwa wenzake wanamwomba apumzike. Nimemshukuru Mungu. Kisha nikakaa na kuku.

Mei 18, Jumapili

Karudi. Sikuambiwa, nimemwona kanisani, benchi la mbele, katikati ya Felista na mwalimu wa katekisimu, wamebanana. Wakati wa kupeana amani watu walipanga foleni kumshika mkono. Nilikuwa nyuma ya foleni. Wimbo ukaanza kabla sijafika.

Mei 21

Baridi imeanza. Mvua imebaki ya kudondoka kwenye majani tu.

Mei 25, Jumapili

Nimekwenda na sukari kama kawaida. Ua umekatwa, upenyo sasa ni njia pana, hata mkokoteni unapita. Dada hakuwepo. Niliita, nikasubiri. Akapita jirani akaniambia yuko kwa Felista, leo ni zamu ya kamba, akina mama wameendeleza mambo ya ile siku ya wazee kila Jumapili. Wameyaita burudani. Mimi mwenyekiti sikuwa na habari.

Nilimtaka atoke mle ndani. Mungu ni shahidi, nilimtaka atoke. Sikujua kwamba Jumapili zangu zote zilikuwa mle ndani pamoja naye. Nimeumia kwa wivu, mzee mzima, kuwaonea wivu wanawake wanaosokota kamba. Naliandika ili nilionee aibu.

Mei 29, Alhamisi

Nimekutana naye njiani akitoka kisimani, ndoo ndogo kichwani, anahema kidogo tu. Nilitaka kumpokea ndoo, akakataa. Nikamwambia pale pale, katikati ya njia, watu wakipita: nisamehe, dada. Nilikudanganya kwa kuogopa kwamba utakufa. Nikasema nilikuwa sina mtu mwingine.

Akatua ndoo. Akakaa juu ya ukingo wa barabara, akanionyesha kwa kidevu na mimi nikae. Tukakaa. Tangu ajifunge, ilikuwa mara ya kwanza tunakaa upande mmoja.

"Uongo wenyewe nimeshakusamehe," alisema. "Kila mtu hudanganya. Ulitaka nitibiwe, naelewa." Akatoa majani yaliyoanguka kwenye maji. "Lakini siku ile kwenye gari, Kleme, kutoka kwangu mpaka uwanjani. Unajua nilivyokuwa na furaha? Niliimba. Muulize dereva. Nilijua nakwenda kwa watu walionikumbuka. Hiyo furaha ndiyo bado siwezi kukusamehe."

Nililia, na sikujificha. Alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akinisubiri utotoni nikianguka, bila kunibembeleza.

Kisha akasimama, akajitwisha ndoo.

"Jumapili nitakuwa kwa Felista," akasema. "Jumatatu nipo nyumbani. Njoo, uingie ndani, tutakula."

Akaenda. Leo ni Alhamisi tu.